Rangi ya kucha kwenye skurubu nne

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema ili msomaji ajue amekaa na nani. Ukiniletea maziwa nayanusa mbele yako. Ukiwasifia wanangu naangalia mikono yako inafanya nini wakati mdomo unasifia. Watu wa Misiera, mtaa wetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, walinizoea, na baadhi yao walinicheka, lakini hata waliocheka walinituma niwaendee sokoni, maana walijua sirudi na kitu kibovu.

Sikuzaliwa hivyo. Nilifundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na safari iliyotutoa Kivu Kusini. Siku tuliyovuka mpaka, mdogo wangu, mwenye miaka minane, alitutoka mikononi katika msongamano. Tulifika Kabazana bila yeye. Pale ndipo wageni walipokelewa, wakalala kwenye mabanda marefu wakingoja kuandikishwa na kupewa kiwanja. Ilikuwa pia mahali pa kuokota na kuokotwa: mtoto aliyepotea aliingia kwenye karatasi ya familia yoyote iliyomkuta, na mama aliyepoteza mtoto aliletewa wasichana wa kila namna, akaambiwa amtazame vizuri, huenda ni huyu.

Mama aliletewa wawili. Wote walikuwa wembamba, wamenyolewa, wamekaukwa na midomo, na mimi mwenyewe ningeweza kuapa kwamba yule wa kwanza ni mdogo wangu. Mama hakuuliza jina wala kijiji. Aliweka vidole viwili chini ya kidevu cha mtoto, akakiinua, akaangalia, akasema si huyu. Mdogo wangu alipokuwa anajifunza kutembea alianguka kwenye ukingo wa kinu, akabaki na kovu chini ya kidevu, limepinda, urefu wake kama punje mbili za mahindi. Kwa mama hicho ndicho kilichokuwa kitambulisho, na hakuna ofisi iliyoweza kukighushi.

Aliyeletwa mara ya tatu alikuwa analia "mama, mama" kwa sauti tuliyoijua sote. Nilishaanza kukimbia. Mama akanishika mkono akanirudisha nyuma, akaenda yeye taratibu, akainua kile kidevu, akatazama. Kisha akamkumbatia. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu ilikuwa hivyo: kovu kwanza, kukumbatia baadaye. Hata mdogo wangu alipokuwa msichana mkubwa, akitoka kisimani au kanisani, aliinua kidevu mwenyewe mlangoni, mama akakitazama, wakacheka wote wawili. Mimi niliona ni mchezo. Sasa nadhani kwa mama haukuwa mchezo kabisa.

Miaka ikapita. Tulipata kiwanja, tukalima mahindi na maharage, nami nikaanza kuuza vitenge, kwanza Misiera, halafu hadi Mbarara. Mdogo wangu akaolewa, na zamu yao ya kwenda Amerika ikafika. Asubuhi ya kuondoka basi lilikuwa limejaa, watu wanaimba nyimbo za kuaga, na mama akapenya hadi mlangoni, akainua kidevu cha mwanawe mbele ya halaiki yote. Sikuona aibu siku hiyo. Nilifikiri atarudia tena baada ya mwaka mmoja au miwili, akija kutembea.

Hakuja. Alipiga simu. Wakati ule simu zetu zilikuwa za vitufe tu, hazikuleta uso wa mtu. Alituma picha moja, lakini kainamisha kichwa, anamtazama mtoto aliyempakata, na mama akaisogeza karibu na pua, kisha akaiweka chini. Akasema picha inaweza kuwa ya zamani. Pale kambini kulikuwa na maneno mengi juu ya waliokwenda. Walisema wengine hawakufika walikoambiwa. Walisema sauti tunazosikia kwenye simu ni za watu waliofundishwa kuigiza, ili sisi tuliobaki tutulie. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema maneno yale ni upuuzi, na wa kwanza pia kumuuliza mdogo wangu kwenye simu jina la mbuzi wetu wa zamani. Alilijibu. Mama hakuridhika.

"Sauti ninaisikia," aliniambia. "Mais lakini sauti haiko mutu. Mimi nataka kumuona na macho yangu."

Na macho yenyewe yalikuwa yanamwacha. Nilimpeleka Mbarara hospitalini, daktari akamwekea kifaa usoni, akasema ni presha ya macho. Nilimuuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, nione kama jibu litabadilika. Halikubadilika. Dawa ya matone ingepunguza kasi, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi, na giza lingeendelea kuingia kutoka pembeni hadi lifike katikati. Lini, hakuweza kusema. Pengine mwaka, pengine chini ya hapo. Mama aliyasikia yote hayo. Njiani akasema jambo moja tu, kwamba basi aonyeshwe mtoto wake mapema.

Ndipo ikaja ile sidi. Mchungaji mmoja aliyetoka kutembelea ndugu zake huko alitukabidhi bahasha. Ndani kulikuwa na sidi ya video ya kwaya ya kanisa la mdogo wangu. Si kitu cha kurekodi nyumbani: kanisa lao lilikuwa kubwa, lilikuwa limelipa kampuni, sidi imetoka kiwandani, ina kasha gumu na picha ya rangi juu. Mdogo wangu alieleza kwenye simu. Yeye yuko mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, na mwishoni kila mwimbaji anatoa salamu kwa lugha yake, naye anamsalimu mama. Mama akaniuliza kama mtu akiimba anainua kichwa. Nikamwambia ndiyo, anainua.

Televisheni tulikuwa nayo, ndogo, yenye mgongo mrefu, tuliyoachiwa na familia iliyokwenda Kanada. Deki ya kuchezea sidi ndiyo hatukuwa nayo. Jirani yetu wa upande wa mashariki alikuwa nayo, ya bei rahisi, aina ile isiyo na jina inayosoma kila kitu unachoitia. Lakini na jirani huyo tulikuwa hatuongei. Kuku wangu alikuwa amepotea, na nilimuona mkewe akichemsha maji mengi siku ileile. Nilisema nilichosema. Baada ya wiki tatu kuku alitokea na vifaranga saba kutoka kwenye kichaka nyuma ya choo, nami nikaamua kwamba jirani amemwachia kwa kuogopa. Kibanda cha video pale senta, kwenye maduka, nacho kilikuwa na mashine, lakini mwenyewe aliniambia niiache sidi hadi kesho, na nikajua kesho uso wa mdogo wangu utakuwa unauzwa Mbarara nzima. Mama alikubaliana nami. Alisema nisimpe mtu.

Kwa hiyo nilinunua deki yangu, na si ya ovyo. Nilizunguka maduka ya Mbarara siku mbili nikitafuta ya asili, yenye jina, yenye karatasi ya dhamana, kwa sababu zile za bei rahisi nilisikia zinakwaruza sidi. Nilimfanya mwenye duka aifungue na kuifunga tena. Jumapili baada ya ibada tuliiunganisha na betri ya gari, tukafunga mlango na dirisha ili majirani wasichungulie, mama akakaa kwenye kigoda nusu hatua kutoka kwenye kioo. Nikaitia sidi. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikaandika mstari mmoja wa Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha sokoni, lakini mchungaji aliponitafsiria kesho yake nilijua ninakasirika juu ya nini: sidi hii hairuhusiwi kuchezwa katika kanda hii.

Nikashuku kila mtu. Kwanza mwenye duka. Kisha mdogo wangu, kwamba ametutumia kitu kilichoharibika. Kisha nikafikiri juu yetu sisi. Kutoka Nakivale kwenda Mbarara kuuza vitenge niliomba karatasi ofisini. Kulala huko niliomba karatasi nyingine. Sasa hata uso wa ndugu yangu unaambiwa huku usifike. Nilimwambia mama kwamba kuna mtu mahali fulani amekaa anafanya haya makusudi. Baadaye nilikuja kujua kwamba katika hilo sikukosea. Kweli kuna watu walikaa wakafanya makusudi, ila hawakuwa wanatufikiria sisi hata kidogo.

Aliyenieleza ni fundi mmoja wa Kakoba, kule Mbarara. Alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara, redio zimerundikana hadi dirishani, na kofia ya michezo ambayo hakuivua hata ndani ya chumba. Nilimpelekea deki, lakini sidi niliiacha nyumbani imefungwa katika kitambaa ndani ya sanduku. Nilimpelekea kasha tupu. Alilicheka kasha tupu, halafu akaligeuza akanionyesha mchoro mdogo wa dunia nyuma yake, na ndani ya mchoro namba moja. Akageuza deki yangu: mchoro uleule, namba tano. Wenye filamu walikata dunia vipande, akasema, kila kipande na namba yake, ili cha Amerika kiuzwe Amerika na cha huku kiuzwe huku. Zile deki za bei rahisi waliozitengeneza hawakujali. Hii yangu ya asili inatii sheria.

Yaani nilinunua utiifu. Nilimuuliza kama anaweza kuifungulia. Akasema anaweza, niiache siku mbili.

Siku mbili. Mimi nikaona wazi: ataifungua, atatoa lenzi nzima, ataweka iliyochakaa. Nilikuwa nimesikia hadithi nyingi za namna hiyo kuliko mahubiri. Nikamwambia naenda kumtafuta mtu mara moja, nikajibanza na deki nyuma ya kibanda cha nguo. Nilikuwa na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ya kwangu ya harusi na sikukuu. Nikadondosha tone juu ya kila skurubu chini ya mashine, skurubu nne, matone manne, nikapuliza hadi yakauka. Fundi akizigusa na bisibisi rangi itapasuka, na mimi nitakuwa na ushahidi. Nikarudi nikampa mashine huku natabasamu. Nilijiona mjanja wa kupindukia.

Nililala kwa mwanamke wa kanisa letu, na siku ya pili nikarudi. Fundi akaniletea deki imefutwa vumbi. Kazi imekwisha, akasema, sasa inasoma dunia nzima. Kabla sijamshukuru niliipindua juu ya meza. Matone manne yalikuwa yamekaa vilevile, yanang'aa, hakuna hata lenye ufa.

Nilichotegemea kukuta ni wizi wa lenzi. Nilichokuta kilinikasirisha zaidi. Huyu mtu hajafungua hata skurubu moja! Amekaa na mashine yangu siku mbili akiangalia filamu, sasa anataka alipwe kwa kuifuta vumbi. Nikapaza sauti. Kakoba haina uhaba wa watu wa kusimama na kutazama, bodaboda watatu wakazima pikipiki zao wapate kusikia vizuri. Nikawaonyesha rangi. Nikawaeleza nilivyoiweka. Walicheka, na nikadhani wanamcheka yeye.

Fundi hakukataa. Alisema kweli hakufungua, kazi hii haifunguliwi kwa bisibisi, ni namba unabonyeza kwenye rimoti. Nikamwambia anionyeshe hiyo namba. Akakataa, akisema akinionyesha mimi, Nakivale nzima itaijua, naye atakula nini. Nikamuuliza: kama ni kubonyeza namba tu, siku mbili zilikuwa za nini? Alinitazama akavua kofia, mara ya kwanza.

"Mama, mimi nikifanya hii kazi mbele yako dakika moja," alisema, "wewe utasema hii hapana kazi. Sasa mimi naweka siku mbili, ndiyo mutu anaheshimu."

Nimeyageuza maneno hayo kichwani miaka mingi. Ninajua sasa alikuwa ananisoma vizuri kuliko nilivyomsoma yeye. Siku ile niliyasikia kama maneno ya mwizi aliyebanwa. Alisema nilete sidi aniwekee nione. Nikasema ndiyo hiyo anayoitaka, sidi, aiibe vizuri. Nikamwambia silipi, na kama kuna kitu amekifanya kwenye mashine yangu basi akirudishe kama kilivyokuwa, sitaki deni naye. Akaiunganisha kwenye televisheni yake, akachukua rimoti, akafunika vidole vyake kwa ile kofia, akabonyeza. Ilichukua muda wa kumeza mate. Akachomoa waya akanisogezea mashine.

"Nimerudisha," alisema. "Kwenda salama."

Watu wakatawanyika. Nikaifunga deki katika kitenge, nikaenda zangu, nimeinua shingo.

Nyumbani mama aliuliza kama imefunguka. Nikamwambia yule ni tapeli. Tukaitia sidi, na ule mstari wa Kiingereza ukatokea palepale ulipotokea mara ya kwanza. "Unaona," nilimwambia mama. Nilifurahi. Naliandika kwa sababu ni kweli: mama yangu amekaa kwenye kigoda na uso ameusogeza mbele akingoja kumuona mwanawe, na mimi moyoni nilifurahi kwamba sikudanganywa.

Miezi ikaenda. Fundi mwingine sikutafuta, maana niliwajua wote ni ukoo mmoja. Mama hakulalamika. Alianza kugeuza kichwa kama ndege ili akuone vizuri, halafu akaanza kutembea mkono mmoja ukigusa ukuta. Siku moja aliniambia niende kwa jirani, nimuombe ile deki yake inayosoma kila kitu, kuku alisharudi. Nilisema nitakwenda. Nilitafuta namna ya kuomba msamaha bila kulitamka neno lenyewe, na kabla sijaipata jirani alihamia Kampala na mashine yake.

Wateja wangu wazuri wa vitenge walikuwa wake za wanajeshi kule Mbarara. Mmoja wao, mwanamke wa kaskazini, mkubwa wa mwili na mpole, aliniruhusu kuingia chumbani kwake katika nyumba za kambi ya jeshi nikapange nguo kitandani. Mumewe alikuwa amerudi kutoka Somalia na deki aliyoinunua huko, ndugu wa tumbo moja na yangu. Siku hiyo alikuwa anaangalia filamu. Nilitazama kasha lililokuwa juu ya meza. Nyuma yake kulikuwa na ule mchoro wa dunia, na ndani namba moja.

Nikamuuliza mashine yake ilifunguliwa na nani. Hakuelewa kwanza. Nilipomweleza alinyoosha mkono nyuma ya mlango bila kusimama. Pale ubaoni, kwa chaki nyeupe, katikati ya orodha ya zamu za kufagia uwanja na namba za simu za jamaa zake, kulikuwa na tarakimu nne.

"Unafungua ile mulango ya sidi, unaandika hii, unamaliza na ziro," alisema. "Askari yote inajua hii. Wewe andika tu, mama."

Siri ya fundi, iliyofunikwa kwa kofia, ilikuwa nyuma ya mlango wa mtu ikiliwa na mende. Mtu mwingine angekimbia nayo nyumbani. Mimi niliiandika kwenye kipande cha karatasi, na nilipofika njiani nikaanza kujiuliza maswali. Kwa nini amenipa bure? Anapata nini? Kama ni namba ya kuua mashine je, ili nije kuinunua ya mumewe? Nikaiweka karatasi ndani ya Biblia, nikasema nitachunguza kwanza. Ilikaa humo wiki tano. Nilipofungua Zaburi niliiona, nikageuza ukurasa.

Kilichonitoa huko ni chai. Asubuhi moja mama alijimiminia chai, akaimimina kando ya kikombe, juu ya meza, taratibu, hadi birika likawa jepesi, na uso wake umetulia kabisa kama mtu anayejaza kikombe. Nilisimama mlangoni. Alipoweka birika chini, akapeleka mkono kwenye kikombe na kukikuta kikavu, aliniuliza kama nipo. Nikasema nipo. Akaniuliza kama nje kuna jua. Lilikuwa limeingia ndani hadi miguuni pake.

Siku hiyohiyo niliunganisha betri. Nilifungua kile kidroo cha sidi, nikabonyeza tarakimu nne, nikamalizia na sifuri. Kioo kikapepesa mara moja. Nikaitia sidi, na waimbaji wakatokea. Nusu dakika haikuisha.

Walitokea bila rangi. Televisheni yetu kuukuu haikuelewana na sidi ya kwao, ikawatoa weusi na weupe, wenye chengachenga, na picha ikawa inapanda kidogo kidogo. Mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto. Nilimuona. Alikuwa amenenepa, au ni nguo. Alikuwa anaimba ameinua kichwa, kama nilivyomwahidi mama, na chini ya kidevu chake kulikuwa na kivuli tu.

Mama alivuta kigoda hadi magoti yakagusa meza. Akaweka kiganja juu ya kioo, na umeme wa kioo ukamsisimua nywele za mkono. Aliniuliza ni yupi. Nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya uso wa mdogo wangu, nikakisogeza kila picha ilipopanda. Akauliza amevaa rangi gani. Niliona kijivu. Nikasema kijani, kwa kuwa mdogo wangu alipenda kijani. Mama akatabasamu akasema ndiyo, anapendaga kijani. Ulikuwa mwanzo wa uongo, na ulitoka mdomoni kwa wepesi ambao ulinishangaza.

Zikafika salamu. Kila mwimbaji alisogea mbele peke yake. Mdogo wangu alisogea, uso wake ukajaza kioo, na chengachenga zikajaa nao. Alimsalimu mama yake aliyeko Nakivale, akasema yuko mzima, watoto wazima, Mungu ni mwema. Kisha, kabla hajarudi nyuma, akafanya kitu ambacho wale wote waliokuwa pale Amerika hawakuweza kukielewa: aliweka vidole viwili chini ya kidevu chake mwenyewe, akakiinua.

Alikumbuka. Alijua mama atatafuta nini. Nilisimamisha picha. Niliifuta kwa kanga, nikasogea hadi pua yangu ikagusa kioo, nikatafuta kama nilivyotafuta ufa kwenye yale matone manne. Ilikuwa nukta nyeupe na nukta nyeusi, zinatetemeka. Kovu lingeweza kuwepo. Lingeweza kutokuwepo. Mwaka uliopita mama angeweza kutazama mwenyewe, na macho yake, hata yale mabovu, yangejua.

"Amefanya nini?" mama aliuliza. "Mbona amenyamaza?"

Nikamwambia ameinua kidevu.

Mkono wake ukasimama juu ya kioo. "Ile alama yake iko?"

"Iko, mama."

"Uliiona?"

"Niliiona. Imepinda vilevile."

Nilingoja aulize tena, kwa maneno tofauti, nione kama jibu langu litabadilika. Ndivyo alivyonifundisha. Hakuuliza. Alisema, "Basi njo yeye, ni yeye," akalaza paji la uso juu ya kioo, akalia, nami nikalia nyuma yake, kwa aibu.

Mama aliishi miaka minne baada ya hapo. Kwa wote waliokuja kumsalimu alisimulia kwamba amemuona mtoto wake wa Amerika, amevaa kijani, na ile alama yake iko. Neno alilotumia ni hilo, kuona. Wengine walisita, wakijua hali ya macho yake, na wengine walikuwa bado wanaamini yale maneno ya sauti za kuigiza. Mama hakubishana nao.

"Kama hamukubali, muulize mukubwa wake," aliwaambia. "Yule haaminiake mutu."

Wakanigeukia mimi. Nami kila mara nilisema ndiyo, nililiona, na hakuna hata mmoja aliyenishuku.